Kila Uso na Mkwaruzo Wake

Chukua vumbi kidogo la barabara ya Mtabila wakati wa kiangazi, ulisage kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Mwanzoni utadhani ni unga. Endelea kusaga, na ngozi itakuambia kwamba ndani ya unga ule zimo punje zinazokwaruza. Nyingi ni za kwatzi, madini ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs chenye ngazi 10 hukaa ngazi ya 7. Aluminiamu tupu haifiki hata ngazi ya 3. Chujio la hewa la gari likichanika, punje hizo huingia kwenye silinda na kujibana kati ya ringi za pistoni na ukuta. Kuanzia hapo injini inapigwa msasa safari nzima na fundi asiyeonekana, asiyejua alipoanzia wala atakapoishia.

Fundi wa gereji naye husugua chuma kwa punje ngumu. Lakini yeye huchagua ukubwa wa punje, huchagua upande wa kusugulia, na hujua wakati wa kuacha. Katika mambo hayo matatu ndimo ulimo ufundi wote. Hoja ninayotaka kuieleza hapa ni moja: kazi ya msasa kwenye injini haipimwi kwa kung'aa. Kila uso wa chuma ndani ya gari una aina ya mikwaruzo unayoihitaji ili utimize kazi yake, na fundi mwema ni yule anayeupa uso mikwaruzo hiyo bila kuzidisha wala kupunguza.

Mahali penye vumbi

Mtabila ipo Kasulu, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Baada ya vita kuzuka Burundi mwaka 1993, palikuwa na kambi ya wakimbizi hapa, na wakimbizi walifuatwa na malori ya chakula, magari ya wagonjwa na Land Cruiser za mashirika ya misaada. Kambi ilifungwa Desemba 2012. Eneo likawa la Jeshi la Kujenga Taifa, kikosi cha 825 KJ, na tangu mafunzo ya JKT kwa wahitimu wa kidato cha sita yaliporejeshwa mwaka 2013, vijana kutoka pande zote za nchi wamekuwa wakipangiwa huku. Barabara kuu ya Kasulu kwenda Kibondo kwa miongo mingi ilikuwa ya udongo na changarawe, kabla ya lami kuanza kuwekwa miaka ya karibuni.

Udongo huo ni mwekundu kwa sababu ya oksidi ya chuma, yaani kutu iliyotawanyika ardhini. Jambo la kustaajabisha ni kwamba unga mwekundu ambao masonara wa dunia nzima huutumia kung'arisha dhahabu nao ni oksidi ya chuma. Kiini ni kilekile. Unga wa sonara umesagwa na kuchujwa hadi punje zake zote zikawa ndogo mno na za ukubwa mmoja. Udongo wa Kasulu umechanganyika na kwatzi ya kila ukubwa. Kinachotenganisha kung'arisha na kuharibu ni mpangilio wa punje, na fundi akilielewa hilo amelielewa somo zima.

Magari ya kazi ya mikoa kama hii hufunguliwa injini mara nyingi. Land Cruiser nyingi za mashirika hubeba injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, iliyoanza kutumika mwaka 1990. Noah na Probox hubeba injini ndogo za petroli zenye hedi ya aluminiamu. Zikifunguliwa mbali na karakana yenye mashine za kukereza, mkono wenye karatasi ya msasa ndio unaotangulia. Ndiyo maana inafaa mkono huo ujue unachofanya.

Jani lililotoa jina

Kabla ya kuwa karatasi ya dukani, msasa ni mti. Majani yake yanaparuza kama ulimi wa ng'ombe, na mafundi wa mbao wa Afrika Mashariki waliyatumia kulainisha kazi zao. Wanabotania huuita Ficus exasperata, ndugu wa mkuyu, ingawa kuna miti mingine ya majani makavu inayoitwa kwa jina hilohilo. Karatasi ilipofika, Kiswahili hakikuhitaji neno jipya.

Lugha ikaenda mbali zaidi. Gazeti likiandika kwamba walimu wamepigwa msasa, msomaji anaelewa kuwa wamepewa mafunzo. Usemi huu umehifadhi ukweli ambao fundi anapaswa kuubeba: rangi huongeza, msasa huondoa. Kinachopigwa msasa lazima kipoteze kitu, na kilichoondoka hakirudi. Ndani ya injini huo ni onyo. Nafasi ya mafuta kati ya shingo ya kranki na beringi zake, katika injini nyingi za magari, ni kati ya milimita 0.02 na 0.06. Kila mvuto wa mkono unakula sehemu ya bajeti hiyo ndogo.

Namba iliyo nyuma ya karatasi

Msasa wa maji, ule mweusi unaouzwa maduka ya rangi za magari, hubeba punje za silikoni kabaidi. Mmarekani Edward Acheson aliipata mada hiyo mwaka 1891 akiwa kwenye majaribio ya tanuri la umeme. Ni ngumu kuliko kwatzi na kuliko chuma chochote cha injini, kwa kuwa kwenye kipimo cha Mohs inavuka 9. Mwaka 1921 kampuni ya 3M ilianza kuuza karatasi yenye gundi isiyoachia ndani ya maji, na kazi ya kusugua chuma ikabadilika: maji yakawa yanabeba uchafu, na vumbi likapungua kwenye mapafu ya mafundi.

Namba iliyo nyuma ya karatasi huongezeka kadiri punje zinavyopungua ukubwa. Tupime kwa maikromita, yaani milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 70 hivi. Punje ya P80 ina wastani wa maikromita 201. P240 ina 58.5. P400 ina 35, P1000 ina 18.3, na P2000 ina 10.3. Angalia pia kama namba imetanguliwa na herufi P. Herufi hiyo huonyesha kipimo cha Ulaya. Katika kipimo cha Kimarekani kisicho na P, namba 600 ina punje za maikromita 16, karibu sawa na P1200. Fundi anayechanganya karatasi za vipimo viwili anaweza kudhani anapanda ngazi kumbe amesimama palepale, au anashuka.

Kwa nini tupande ngazi badala ya kuanza na karatasi laini kabisa? Kwa sababu msasa haufuti mikwaruzo. Unaibadilisha kuwa midogo zaidi. Ukisugua kwa P240, umeacha mifereji yenye kina fulani. P400 inatakiwa iushushe uso mzima hadi chini ya mifereji hiyo, ikiacha mifereji yake yenyewe, midogo kuliko ile. Ukiruka kutoka P240 hadi P1500, punje ndogo zitang'arisha vilele tu na mabonde yatabaki. Uso utameta, ila ukiuweka kwenye jua la alasiri linalopiga kwa upande, mistari ya zamani itajitokeza.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama: kila unapobadilisha karatasi, badilisha na upande. Kama P320 ulisugua kwa urefu, P400 sugua kwa upana. Mistari ya urefu ikiisha yote na kubaki ya upana pekee, ngazi hiyo imekamilika. Katika hatua hii ndipo wengi hushindwa kwa kukosa subira, kwa sababu mistari michache ya mwisho huchukua muda mrefu kuliko ile mingi ya mwanzo.

Mkono, kibao na maji

Kidole hakijanyooka. Ukishika karatasi kwa vidole na kusugua uso bapa, kila kidole kitachimba mfereji wake, na ncha za uso zitaliwa zaidi ya katikati, kwa sababu mkono ukifika ukingoni huinama. Uso unaotakiwa kuwa bapa husuguliwa kwa karatasi iliyozungushiwa kibao kigumu kilichonyooka. Uso wa mviringo huhitaji kitu laini kinachofuata umbo: kipande cha mpira, au ukanda wa karatasi wenyewe.

Aluminiamu ina tabia ya kuganda kwenye karatasi. Ni laini, hivyo unga wake hujaa kati ya punje, ukawa uvimbe mdogo mgumu, na uvimbe huo ukachora mkwaruzo mrefu kuliko wowote uliokuwapo. Maji yenye sabuni kidogo, au mafuta ya taa, huuzuia. Karatasi isuuzwe mara kwa mara, na kabla ya kuhamia karatasi laini, osha kifaa, kibao na mikono yako. Punje moja ya P240 iliyojificha chini ya ukucha inaweza kuharibu kazi ya saa nzima ya P1500.

Afya nayo ni sehemu ya ufundi. Gasketi za injini za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani miaka mingi baadaye. Mabaki ya gasketi ya zamani yaloweshwe kwanza, kisha yakwanguliwe yakiwa na maji. Tusiwafundishe vijana kazi ambayo itawadai mapafu.

Nyuso za injini, moja baada ya nyingine

Tuanze na silinda hedi. Uso wake unaokutana na bloki unatakiwa kuwa bapa kuliko kitu kingine chochote. Fundi huweka rula ya chuma iliyonyooka juu yake, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha hujaribu kupitisha fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi, chini yake. Kwenye injini nyingi za petroli za Toyota kikomo cha kupinda upande wa bloki ni milimita 0.05. Ikizidi hapo, hedi ya gari ipelekwe kwenye mashine, kwa maana hakuna mkono utakaosawazisha uso mrefu namna hiyo. Vifaa vidogo, kama mdomo wa kebreta, kifuniko cha themostati au hedi ya bodaboda, vinaweza kusawazishwa juu ya kioo kinene kilichobandikwa msasa wa maji, kifaa kikizungushwa kwa mwendo wa namba 8.

Hata uso huo mmoja haudai mikwaruzo ileile daima. Gasketi ya kizamani ya nyuzinyuzi ni laini. Hushika vyema uso wenye mikwaruzo kidogo, kwa kuwa nyenzo zake huzama kwenye mifereji na kujishikiza. Gasketi ya siku hizi ya matabaka ya chuma haizami hivyo, na hutaka uso laini zaidi, mara nyingi wenye ukwaru chini ya maikromita 1. Fundi anayefunga gasketi ya chuma kwenye uso uliosuguliwa kwa P80 ameifungulia njia maji ya radieta.

Valvu hufundisha somo hili kwa namna iliyo wazi kuliko zote. Katika kusaga valvu, pesti yenye punje hupakwa kwenye ukingo wake, kisha valvu huzungushwa mbele na nyuma kwa kijiti chenye mpira unaonata, huku ikiinuliwa mara kwa mara ili pesti isambae. Matokeo mazuri ni mkanda wa kijivu usiong'aa, unaozunguka bila kukatika, wenye upana wa milimita 1 hadi 1.5. Ukikatika mahali, hapo gesi itavuja na valvu itaungua. Kipimo chake hakihitaji umeme: mimina mafuta ya taa kwenye njia ya hewa, subiri, uone kama yanapenya. Kijivu kisichovuja kina thamani kuliko kioo kinachovuja.

Ukuta wa silinda nao haupendi kung'aa. Injini iliyotembea sana huwa na ukuta laini kama sahani, na mwenye gari hudhani huo ni uzima. Ringi mpya zikifungwa humo, mafuta hayapati pa kujishikiza, ringi hazikai, na gari linaanza kula oili. Kwa hiyo ukuta huchorwa mistari inayokatana, kama nyuzi za mkeka, kwa pembe ya nyuzi 45 hadi 60 hivi. Mabonde ya mistari hiyo huhifadhi oili. Kwenye karakana hufanywa kwa mawe yanayozunguka. Pasipo mashine hiyo, na ikiwa silinda bado iko ndani ya kipimo, wapo wanaochora kwa mkono kwa P220 na mafuta, wakisokota mkono huku wakipanda na kushuka. Hilo huondoa ule mng'ao tu. Silinda iliyopanuka au kuwa yai haiponywi kwa karatasi.

Sasa njoo kwenye kranki, hapa kioo kinahitajika. Shingo za kranki huelea juu ya utando wa oili ambao injini ikiwa kazini huweza kuwa mwembamba kufikia maikromita chache, na kilele chochote cha chuma kinachochomoza kuliko utando huo kitakwangua beringi. Fundi hukata ukanda wa msasa laini, P1000 au P1200, huulowesha mafuta, huuzungushia shingo, kisha huzungusha kamba juu yake na kuvuta ncha mbili kwa kupokezana. Hivyo shinikizo huwa sawa pande zote na shingo haiwi yai. Mvuto wa mwisho uvilaze vinyweleo vya chuma vifuate mwendo wa kranki badala ya kuupinga. Kabla ya yote, pitisha ukucha. Mkwaruzo unaonasa ukucha ni kazi ya mashine ya kukereza. Anayeulazimisha kwa karatasi ataiondolea shingo kipimo chake.

Konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, ina hadithi nyingine. Haisuguani na kitu ubavuni, lakini huvutwa na kusukumwa maelfu ya mara kwa dakika, na nyufa za uchovu wa chuma hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo. Mkwaruzo uliokatiza upana wake ni mwaliko wa ufa, ilhali uliolala kwa urefu wa konrodi hauna madhara makubwa. Kwa hiyo anayelainisha konrodi amalize daima kwa mistari ya urefu. Upande una uzito kuliko ulaini.

Katika njia za hewa, upande wa ekzosi ukilainishwa sana ni faida, maana masizi hayapati pa kunata. Upande wa kuingizia hewa, kwenye injini za petroli ambazo mafuta hupita humo pamoja na hewa, ukwaru kidogo wa P80 hadi P120 husaidia matone yasigande ukutani yakatiririka.

Inabaki tapeti kava, kifuniko kinachoonekana bonati ikifunuliwa. Hapo kung'aa kunaruhusiwa kwa ajili ya kung'aa. Panda ngazi zote kuanzia P400, P600, P800, P1000, P1500 hadi P2000, kisha sugua kwa kitambaa na dawa ya kung'arishia, ileile jamii ya dawa inayong'arisha vifungo vya shaba vya sare za jeshi. Paka nta mwishoni, kwa sababu aluminiamu ikiachwa wazi hufifia hewani. Sina ubaya na urembo huo. Ninachoomba ni kwamba mwenye gari asiukubali kama ushahidi wa kilichofanyika ndani.

Kuosha ndiko kumaliza

Kuna injini zinazokufa baada ya matengenezo mazuri, na fundi akabaki kulaumu vipuri. Mara nyingi muuaji ni punje za msasa zilizobaki. General Motors iliwahi kuwapa mafundi wake tahadhari rasmi dhidi ya visahani vya kusafishia nyuso za gasketi kwa mashine: punje za oksidi ya aluminiamu zilikuwa zikidondoka ndani ya injini, zikisafiri na oili na kula beringi. Punje za karatasi ya mkono nazo zina hatari hiyohiyo.

Rudi kwenye hesabu za namba. Punje za P1000 hadi P2000 zina maikromita 18 hadi 10. Vumbi la barabarani linaloumiza injini kuliko lote nalo lina ukubwa wa namna hiyo, dogo kiasi cha kupenya kwenye nafasi ya beringi, kubwa kiasi cha kuvuka utando wa oili. Fundi asiyeosha ameiletea injini vumbi la barabara kwa mkono wake mwenyewe, tena gumu kuliko la barabarani.

Kwa hiyo ziba matundu yote ya oili na ya maji kabla ya kusugua. Ukimaliza, petroli peke yake haitoshi, kwa kuwa huondoa mafuta na kuacha punje zimekaa kwenye mifereji ya ukuta. Silinda huoshwa kwa maji ya moto, sabuni na brashi, mara nyingi kuliko unavyodhani inatosha, kisha hukaushwa na kupakwa oili papo hapo, maana chuma kilichosuguliwa hushika kutu upesi. Matundu ya oili ya kranki yapitishwe brashi nyembamba, moja moja.

Halafu chukua kitambaa cheupe, kitie oili safi, upanguse ukuta wa silinda uliokwisha kuoshwa. Kikitoka na kijivu, rudi kwenye sabuni. Pangusa tena. Siku kitakapotoka cheupe kama kilivyoingia, funga injini, weka chujio la hewa lisilo na tundu, ukaze bomba lake mpaka lisipitishe hata upepo wa pembeni. Kisha gari litoke getini, lirudi kwenye barabara ya Mtabila ambako vumbi linalisubiri.